Msimbo wa watu ndani ya repo yako: folda ya third_party inatunzwaje?

MzeeWaMakefile (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mada za namna ya kuandika programu zimejaa humu. Hii ya kuishi na msimbo wa watu wengine ndani ya mradi wako wa chanzo huria sijaona ikiguswa kwa kina, kwa hiyo naufungua uzi. Wenye uzoefu mtaongezea na kunikosoa.

Fungua mradi wowote mkubwa wa C au C++, hiyo folda utaikuta. Chromium wanaiita third_party, FreeBSD wanaiita contrib, watu wa Go na PHP wamezoea vendor, wengine deps, external, libs. Ndani kuna zlib (maktaba ya kugandamiza data), kuna SQLite (hifadhidata), kuna libpng (ya picha za PNG), kuna na vifaili vya .h ambavyo mtu aliviokota huko alikoviokota. Ni kazi ya watu, imenakiliwa, inakaa kwenye mti wako na kukompailiwa pamoja na ya kwako.

Kunakili kwenyewe sina ugomvi nako. SQLite wenyewe wanakuandalia sqlite3.c, faili moja lenye mistari zaidi ya laki mbili, ulitupie ndani ya mradi wako uendelee na shughuli zako. Anayejenga programu yako kwenye mashine isiyo na intaneti atakushukuru. Wa Windows, ambaye kupata maktaba hizo ni mtihani, atakushukuru zaidi. Ninachogombana nacho ni nakala isiyo na ukoo: haijulikani imetoka wapi, ni toleo gani, ina leseni gani, na nani kaigusa tangu ilipoingia.

Niwape mfano. Kuna repo (hazina ya msimbo wa mradi) niliombwa kuikagua, ina folda inaitwa libs/zip. README hakuna. Komiti (badiliko lililorekodiwa kwenye git) iliyoileta imeandikwa "add zip stuff", basi. Nafungua zlib.h, ZLIB_VERSION inasema 1.2.8, toleo la 2013. Nashusha 1.2.8 asilia, napiga `diff -ru`, inanimwagia mistari maelfu kwa maelfu. Utadhani mtu ameiandika upya maktaba nzima. Kumbe kuna aliyepitisha clang-format (kipangilio cha mwonekano wa msimbo) kwenye repo yote, ikapangua kila faili, yakiwemo yasiyo yake. Nikaipitisha clang-format ileile, na mipangilio ileile, kwenye nakala asilia halafu nikalinganisha tena. Safari hii imebaki mistari michache ndani ya inflate.c. Hayo ndiyo mabadiliko yenyewe, hayana maelezo hata ya neno moja, na aliyeyafanya alishaondoka kwenye mradi. Ni kiraka cha usalama alichokichomoa kwenye toleo la mbele? Ni jaribio alilolisahau? Ukikifuta unaharibu nini? Hapo ndipo unapokaa unakuna kichwa kwa mistari ambayo mwenyewe angeieleza kwa sentensi moja.

Na haya si mambo ya unadhifu tu. Machi 2002 iligundulika kwamba zlib inaweza kuachia kumbukumbu ileile mara mbili, ikatoka 1.1.4 kurekebisha. Waliokuwa wanaitumia maktaba ya mfumo walibadilisha faili moja wakalala. Lakini zlib ilikuwa imenakiliwa ndani ya programu zisizo na idadi, na kila moja ilibidi itafutwe kivyake. Septemba 2023 ikawa zamu ya libwebp (maktaba ya picha), CVE-2023-4863 (CVE ni namba ya hitilafu ya usalama iliyotangazwa): Chrome ikatoa sasisho, Firefox ikatoa lake, kisha kila programu iliyojengwa kwa Electron (mfumo unaobeba Chromium ndani ya programu) ikasubiri lake, kwa sababu kila moja imebeba nakala yake tumboni. Kati ya hizo mbili mnaikumbuka hitilafu ya Log4j (maktaba ya Java) ya Desemba 2021, jar (kifurushi cha Java) ndani ya jar ndani ya jar.

Ukitaka kujua programu fulani imebeba zlib gani, jaribu hii:

`strings programu | grep -i inflate`

Mara nyingi utapata kitu kama "inflate 1.2.11 Copyright 1995-2017 Mark Adler". Mark Adler ni mmoja wa waandishi wawili wa zlib, na huo mstari wa hakimiliki umewekwa ndani ya msimbo wenyewe, hivyo unasafiri na kila nakala. Jaribu kwenye programu chache ulizonazo sasa hivi kisha urudi hapa utuambie umekuta matoleo mangapi tofauti.

Sasa utaratibu wangu. Ni wa kibabe kidogo.

Kwanza, nakala ya nje inaingia kwa komiti yake peke yake, kama ilivyotoka kwa wenyewe, bila kuguswa hata nafasi tupu. Hakuna kuchanganya "nimeleta libpng na nimerekebisha kitufe". Komiti inayofuata ndiyo inaiunganisha na mfumo wako wa kujenga.

Pili, hakuna anayehariri faili ndani ya folda hiyo kwa mkono. Ukilazimika kubadilisha kitu, unaandika kiraka, unakiweka kwenye folda ya viraka kikiwa na namba, na juu yake unaeleza kwa nini kipo na kama umekituma kwa mradi mama (wenye msimbo asilia). Kiraka kisicho na maelezo hakipiti.

Tatu, folda nzima iweze kuzaliwa upya kwa amri moja. Skripti fupi inatosha:

```
#!/bin/sh
set -e
TOLEO=1.3.1
HESHI=weka-sha256-hapa
curl -LO https://zlib.net/fossils/zlib-$TOLEO.tar.gz
echo "$HESHI  zlib-$TOLEO.tar.gz" | sha256sum -c
rm -rf asili && mkdir asili
tar xf zlib-$TOLEO.tar.gz -C asili --strip-components=1
rm zlib-$TOLEO.tar.gz
rm -rf asili/contrib asili/doc asili/test
for k in viraka/*.patch; do
  patch -d asili -p1 < "$k"
done
```

Halafu mashine ya majaribio iwe inaiendesha skripti hiyo na kumalizia na `git status --porcelain` kwenye folda hiyo. Ikitoa chochote, kuna mtu amehariri kwa mkono, komiti yake inarudi. Hii ndiyo kanuni ninayoipigania kuliko zote, kwa sababu README inaweza kusema uongo lakini skripti ikidanganya inaumbuka siku hiyohiyo.

README nayo iwepo, fupi tu:

```
Jina: zlib
Chanzo: https://zlib.net
Toleo: 1.3.1
Leseni: Zlib
Tulichoondoa: contrib, doc, test
Tulichobadilisha: tazama viraka/
Anayeiangalia: timu ya faili na mgandamizo
```

Chromium wana README.chromium ya namna hii kwenye kila folda ya third_party, na ndani kuna hata sehemu ya kusema kama maktaba hiyo ina uzito wa kiusalama. Firefox wana moz.yaml, ambayo amri ya `mach vendor` inaisoma na kufanya usasishaji wenyewe.

Nawasilisha.

---

mgeni_wa_git

Mkuu asante kwa uzi. Naomba kuuliza kama mwanafunzi: si kuna `git submodule`? Kwa nini nijaze repo yangu na msimbo wa watu wakati naweza kuelekeza tu?

---

MzeeWaMakefile

Swali zuri. Submoduli haihifadhi msimbo, inahifadhi anwani na heshi (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo) ya komiti moja. Faida yake ni kwamba toleo linajulikana bila ubishi na hakuna wa kuhariri kimyakimya. Hasara zake utaziona siku ya kwanza: mtu anafanya `git clone` ya kawaida, anakuta folda tupu, anakuja kulalamika mradi haujengeki. Alitakiwa aweke `--recurse-submodules`, lakini nani anakumbuka? Zile zip ambazo GitHub inazitengeneza yenyewe kutoka kwenye tagi (alama ya toleo) nazo hazibebi submoduli. Na ile anwani ikifa, umekwama.

Kuna `git subtree` pia, inayoleta mafaili yenyewe ndani ya mti wako. Ukitumia `--squash`, historia ya mradi mama inaingia kama komiti moja badala ya kukumwagia komiti elfu za watu usiowajua. FreeBSD wana mtindo unaokaribiana na huo na ni wa zamani: msimbo wa nje unaingia kwanza kwenye tawi la vendor ukiwa safi, kisha unaunganishwa kwenye contrib. Mabadiliko yao yote yanaonekana kwa kulinganisha matawi mawili. Huhitaji folda ya viraka, git yenyewe ndiyo inakutunzia.

---

RustNaMajaliwa

Hizi ni shida za watu wa C bwana. Sisi wengine, wa Rust, tuna meneja wa vifurushi, Cargo. Cargo.lock inataja kila toleo na heshi yake, naandika mstari mmoja, nalala. Kunakili msimbo wa mtu ndani ya repo mwaka huu ni ushamba.

---

MzeeWaMakefile

Usituchekee sana mkuu. Machi 2016 mtu mmoja aliondoa left-pad kwenye npm (ghala la vifurushi vya JavaScript), kifurushi cha mistari 11, na miradi kila kona ya dunia ikaacha kujengeka. Meneja wa vifurushi alikuwepo, tena akifanya kazi yake sawasawa. Waliokuwa na nakala ndani ya miti yao hata habari hawakuipata.

Tena Cargo wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana `cargo vendor` imekuwa ndani ya Cargo tangu toleo 1.37 la 2019.

---

LinkaHaidanganyi

Na niongeze hapo, kuna tofauti ambayo wengi hawaijui. Ukitumia `cargo vendor`, kila kifurushi kinapata faili la .cargo-checksum.json lenye heshi ya kila faili. Ukihariri mstari mmoja ndani ya vendor, Cargo inagoma kujenga na kukuambia heshi imebadilika. Ile kanuni ya pili ya mwanzisha uzi wameiweka ndani ya chombo chenyewe.

Go hawako hivyo. Folda ya vendor ilianza kama majaribio kwenye Go 1.5 mwaka 2015, ikawashwa kwa wote kwenye 1.6. Tangu 1.14, ikiwepo vendor, `go build` inaitumia yenyewe na inakagua kwamba vendor/modules.txt inakubaliana na go.mod. Inakagua orodha tu lakini. Mafaili yenyewe haiyapigi heshi. Mtu akiingia vendor/ akabadilisha masharti ya kukagua nywila kwenye maktaba ya mtu, `go build` itajenga kwa furaha kabisa, na mkaguzi wa komiti mwenye uvivu ataona "vendor/ mafaili 400 yamebadilika", atashusha ukurasa mpaka chini na kubonyeza kukubali.

Dawa ni ileile ya mwanzisha uzi: kwenye mashine ya majaribio endesha `go mod vendor` kisha uangalie kama git inaona tofauti yoyote.

---

RustNaMajaliwa

Hiyo ya Go sikuijua. Haya, nimekaa naangalia uzi.

---

MtunzaVifurushi

Mimi naongea kutoka upande wa pili, upande wa tunaofungasha programu zenu kwa ajili ya Linux. Mnatuua, jamani.

Sera ya Debian ina kifungu kizima, 4.13, kuhusu nakala zilizobebwa ndani ya programu: kama maktaba tayari iko kwenye Debian kama kifurushi chake, programu yako iitumie hiyo. Sababu ni hiyohiyo ya zlib ya 2002. Hitilafu ikitoka nataka nisasishe kifurushi kimoja, nisianze kuwinda. Fedora zamani walikataza kubeba nakala bila kibali maalumu, mwaka 2015 wakalegeza, lakini kwa sharti: kifurushi kitamke `Provides: bundled(zlib) = 1.2.8` ili siku ya hatari tuweze kuuliza hifadhidata nani kabeba nini.

Sasa nikipata mradi wenye folda ya libs/zip isiyo na jina la maktaba wala toleo, nitatamka nini? Naandika kwa kubahatisha?

Ninachowaomba ni swichi. Kwenye CMake au Meson (mifumo ya kujenga programu) weka chaguo la kutumia maktaba ya mfumo, na lifanye kazi kweli. Nimeshakutana na miradi yenye swichi ya mapambo: ukiiwasha haijengeki, kwa sababu msimbo wao unaita kazi waliyoiongeza wenyewe ndani ya nakala yao. Hapo inabidi niifunge na nakala yao nikiwa nimenuna.

Meson wana kitu kizuri kinaitwa wrap. Faili dogo kwenye subprojects linataja anwani, heshi na viraka. Mfumo ukiwa na maktaba inatumika ya mfumo, usipokuwa nayo inashushwa. Kila mtu anapata chake.

---

MzeeWaMakefile

Nakuunga mkono kwenye swichi, mkuu, asilimia mia. Tunapotofautiana ni nini kiwe chaguo la msingi. Mimi nakala iwe ndiyo msingi, kwa sababu ndiyo niliyoijaribu. Nikipokea ripoti ya hitilafu kutoka kwa mtu anayetumia zlib ya mfumo nisioujua, siku nzima inaishia kuulizana matoleo.

---

MtunzaVifurushi

Na mimi nikipokea CVE siku ya Ijumaa jioni inaishia wapi? Wewe una mradi mmoja. Mimi nina foleni.

---

LinkaHaidanganyi

Nyote wawili mnasahau kitu cha tatu. Nakala mbili za maktaba moja ndani ya programu moja inayoendeshwa. Wewe umebeba zlib 1.2.8 na kuilinki moja kwa moja, halafu libpng ya mfumo inaleta zlib 1.3.1. Zote zina kazi inayoitwa inflate. Itaitwa ipi? Inategemea linka (chombo kinachounganisha vipande vya programu), mpangilio wa maktaba, na kama umezificha alama zako (majina ya kazi) au la. Programu inaweza kutembea vizuri miezi halafu ikaanguka mahali ambapo hakuna aliyegusa. zlib wenyewe wameacha mlango: ukikompaili na Z_PREFIX, majina yote yanatanguliwa na z_, hayagongani na ya mfumo. Ukibeba nakala, tumia hiyo, au ficha alama kwa `-fvisibility=hidden`. Hili si la hiari.

---

DadaWaViraka

Nimesoma kimya, sasa niingie. Mimi kanuni ya kutohariri naikubali, ila nataka tuseme kwa uwazi kwamba hatari kubwa zaidi inaanzia kwa anayehariri kwa nia njema.

Debian na OpenSSL (maktaba ya usimbaji fiche). Mwaka 2006 mtunzaji wa kifurushi alikuwa anasumbuliwa na malalamiko ya Valgrind (chombo cha kukagua matumizi ya kumbukumbu) kuhusu kumbukumbu ambayo haijaanzishwa. Akaondoa mistari miwili kwenye md_rand.c. Mmoja kati ya hiyo ndio uliokuwa unaingiza mbegu za bahati nasibu kwenye kitengeneza funguo. Kilichobaki cha kutofautisha funguo ni namba ya mchakato tu, ambayo mwisho wake ulikuwa 32,768. Yaani kwa kila aina na urefu wa ufunguo ulikuwa na funguo elfu thelathini na kitu dunia nzima, unaweza kuzizalisha zote ukazijaribu moja moja. Ikafichuliwa Mei 2008, baada ya karibu miaka miwili.

Wanaposimulia kisa hiki wengi wanasahau kwamba huyo mtu aliuliza. Aliandika kwenye orodha ya barua ya OpenSSL na hakukatazwa. Kwa hiyo "uliza mradi mama" peke yake haitoshi. Tuma kiraka kamili kikaguliwe kama kinachokwenda kuingia kwao. Swali la juu juu linapata jibu la juu juu. Kiraka kinachoomba kuingia ndicho kinachomfanya mwenye msimbo avae miwani.

Ndiyo maana nawapenda watu wa pip, kisakinishi cha vifurushi vya Python. Wamebeba maktaba kadhaa ndani ya pip/_vendor kwa sababu ya msingi kabisa, pip ndiyo inayosakinisha vingine, haiwezi kutegemea kisichosakinishwa bado. Lakini sera yao imeandikwa: maktaba hizo hazibadilishwi isipokuwa pale inapolazimu ili ziweze kukaa hapo ndani. Matoleo yote yako kwenye vendor.txt.

---

MzeeWaMakefile

Dada umemaliza. Hiyo ya kutuma kiraka kamili naichukua, itaingia kwenye mwongozo wetu.

---

KibogoyoWaC

Kwa wanaokumbuka xz ya Machi 2024 (maktaba ya mgandamizo iliyotiwa msimbo wa siri wa kuingilia mashine kupitia ssh): je, mnachukua kifurushi cha toleo au mnachukua git? Maana pale mtego ulikuwa kwenye kifurushi.

---

DadaWaViraka

Ulikuwa sehemu mbili. Sumu yenyewe ilifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, na hayo yalikuwemo hata kwenye git, yakionekana kama mafaili mabovu ya kujaribia kifunguzi. Kiberiti cha kuiwasha, skripti ya m4 ya build-to-host, ndicho kilichokuwa kwenye vifurushi vya 5.6.0 na 5.6.1 peke yake. Andres Freund aliinasa kwa sababu kuingia kwa ssh kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde na akakataa kulipuuza.

Sasa angalia skripti ya mwanzisha uzi ilivyofuta folda ya test. Ukileta mafaili ya .c na .h unayoyahitaji tu, ukatupa majaribio, ukatupa configure na m4 zao na kuijenga kwa mfumo wako mwenyewe, mtego ule haukuwa na pa kupitia. Haimaanishi uko salama na kila kitu. Ila kila faili usilolileta ni faili usilolazimika kulikagua. Na ndiyo, chukua kutoka kwenye tagi ya git pale unapoweza.

---

WakiliWaLeseni

Naingia kwenye leseni kwa kifupi maana watu hulala nikianza.

MIT na BSD zinataka tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki. Ukichukua .h moja ukafuta maelezo ya juu "ili faili lipendeze", umevunja leseni ambayo ilikuwa inakuomba kitu hicho kimoja tu. Apache 2.0 inataka faili ulilolibadilisha liseme wazi kwamba limebadilishwa, na kama walikuwa na faili la NOTICE unalibeba. Apache 2.0 haikai pamoja na GPL toleo la 2 peke yake, kwa mujibu wa FSF (Free Software Foundation, wenye GPL), lakini na toleo la 3 haina shida. Hili uliangalie kabla ya kuleta maktaba, kwa sababu kuitoa baadaye ni upasuaji.

Wanaonisumbua zaidi ni wasiokuwa na folda kabisa. Kipande cha mistari arobaini kutoka Stack Overflow kimebandikwa katikati ya faili lako. Hicho nacho ni msimbo wa nje, kina leseni ya CC BY-SA, na kinataka umtaje mwenyewe. Hakuna skripti itakayokikuta. Angalau acha kiungo juu yake.

Tumieni vitambulisho vya SPDX (majina mafupi sanifu ya leseni) na mpangilio wa REUSE (kanuni za kuweka taarifa za leseni ndani ya repo), maandishi yote ya leseni yakae kwenye folda moja ya LICENSES. Na wanaouza bidhaa Ulaya wajiandae: sheria ya CRA (Cyber Resilience Act, ya usalama wa bidhaa za kidijitali) ilipata nguvu ya kisheria Desemba 2024, wajibu wake mkuu unaanza Desemba 2027, na watengenezaji watatakiwa kuwa na orodha ya vilivyomo ndani ya programu zao. Kama README zako ziko sawa, orodha hiyo inajitengeneza. Kama hazipo, mtakuja kunilipa mimi.

---

KibogoyoWaC

Swali la mwisho, na ni la kweli. Tumebeba maktaba ambayo imehaririwa miaka nenda rudi, hatujui tulianzia toleo gani, mradi mama bado uko hai na umekwenda mbali. Tunarudije?

---

MzeeWaMakefile

Mkuu, hata kernel ya Linux ilipita hapo. zstd (maktaba ya mgandamizo) iliingia kwenye 4.14 mwaka 2017, ikiwa imeandikwa upya kwa mtindo wa kernel, na kwa sababu hiyo kila toleo jipya la mradi mama lilikuwa kazi ya mkono. Ikakaa na msimbo wa zama hizo hadi 5.16, walipoamua kuleta 1.4.10 kwa namna ambayo nakala inazalishwa na skripti kutoka mradi mama, na ule mtindo wa kernel ukabaki kwenye ganda la nje. Tangu hapo kusasisha si vita.

Kwenu anzeni na kutafuta mlikoanzia. Shusheni repo ya mradi mama kwenye folda ya asili, kisha:

```
for t in $(git -C asili tag); do
  git -C asili checkout -q "$t"
  echo "$(diff -rw -x .git asili libs/yenu | wc -l) $t"
done | sort -n | head
```

Tagi yenye namba ndogo kuliko zote ndiyo mzazi, au jirani yake. Kama mlipitisha kipangilio kama wale wenzangu wa libs/zip, kipitisheni kwenye asili pia ndani ya mzunguko, na kabla ya tagi inayofuata rudisheni kwa `git checkout -f`. Ukishampata mzazi, tofauti iliyobaki igaweni kuwa viraka, kimoja kwa kila sababu. Vingi vitakuwa ni marekebisho ambayo mradi mama walishayafanya wenyewe, hivyo vitupeni. Vinavyobaki jaribuni kuvipeleka kwao.

Mkikuta vilivyobaki ni vingi na hamko tayari kuviacha, basi hiyo si nakala tena, ni mradi wenu. Itoeni third_party, ipeni jina lingine, mkubali kwamba CVE zake mtazisoma ninyi. OpenBSD walifanya hivyo Aprili 2014 baada ya Heartbleed (hitilafu kubwa ya OpenSSL): hawakubaki na "OpenSSL yenye viraka vyetu", waliita LibreSSL na wakaimiliki.

---

KibogoyoWaC

Nimeendesha. Tagi mbili zimefungana kabisa kwa namba.

---

MzeeWaMakefile

Basi inaelekea kati ya hizo mbili hakuna kilichobadilika kwenye mafaili mliyoyabeba. Chukua ya nyuma, andika README. Na kabla hujafanya komiti, weka ndani ya third_party faili la .clang-format lenye mstari `DisableFormat: true`, na kwenye .gitattributes weka `third_party/** -text`, wa Windows asije akabadilisha alama za mwisho wa mstari, viraka vyote vikagoma kushika.